Kasa Waliozima Jenereta

Palikuwa na nchi moja ambayo jina lake sitalitaja. Si kwamba naogopa. Mimi ni mtu wa kuheshimu sheria, na katika nchi hiyo ipo sheria kwamba jina la nchi likitajwa, kila aliyelisikia asimame wima, mikono ubavuni, kidevu juu, asitikisike mpaka aambiwe apumzike. Wewe msomaji huenda umejikalia zako, pengine na kikombe cha chai mkononi. Sipendi kukumwagisha chai.

Nchi hiyo ilijaliwa neema nyingi, lakini kubwa kuliko zote ilikuwa kiongozi wake, Mtukufu Mlezi. Watu wote walimpenda. Wale wachache wasiompenda walipewa mahali pa kulala, chakula na walinzi, yote kwa gharama ya serikali.

Mwaka huo Mtukufu alirudi kutoka ng'ambo na jambo jipya kichwani. Huko aliwaona vijana wakitunza bahari na viumbe wake bila kulipwa mshahara, akavutiwa sana, hasa na hapo pa mshahara. Basi ikapitishwa Sheria ya Kujitolea. Kila raia atajitolea kwa hiari yake mwenyewe, kwa moyo mkunjufu, na atakayekataa kujitolea kwa hiari yake atafungwa.

Hivyo ndivyo Sikudhani alivyojitolea.

Alikuwa msusi, mwenye saluni yake ndogo nyuma ya soko la mji mkuu, bara kabisa, mbali na pwani. Bahari aliijua kwa picha ya kalenda. Maji mengi aliyowahi kuyaingia yalikuwa ya beseni. Siku hiyo alikuwa na mteja kitini, kichwa nusu kimesukwa, nusu bado, mara polisi wawili wakabisha hodi wakiwa wamekwisha kuingia.

"Wewe ndiye Sikudhani binti Mrisho?"

"Ndiye mimi, afande."

"Hongera sana. Umejitolea."

"Nimejitolea? Kufanya nini?"

"Kutunza kasa. Kisiwa cha Pwezani. Gari liko nje, linakusubiri."

"Afande, mimi hata kuogelea sijui."

Yule polisi akamtazama kwa huruma. "Dada yangu, anayeogelea ni kasa. Kazi yako wewe ni kujitolea."

Mteja aliachwa na nusu kichwa. Na kwa kuwa wiki hiyo wasusi wengi walishikwa na moyo wa kujitolea, mtindo wa kusuka nusu kichwa ulienea mji mzima, hata mabinti wa mawaziri wakaupenda.

*

Pwezani kilikuwa kisiwa chembamba chenye mchanga mweupe, na ofisi ya mradi wa hifadhi ndiyo iliyokuwa jengo kubwa kuliko yote. Ilijengwa ikiipa bahari mgongo, kwa sababu Mkurugenzi Mkuu wa Kasa, Bwana Mashaka Kibindo, akitazama mawimbi alisikia kichefuchefu. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye kofia rasmi iliyotariziwa kasa wa nyuzi za dhahabu. Kabla ya hapo alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa Tembo, mpaka tembo walipokwisha.

Mafunzo aliyaendesha mwenyewe.

"Ndugu wajitoleaji!" alisema, akishika mkanda wa suruali. "Kasa ni mnyama mzalendo. Huzaliwa hapa kwetu, huenda ng'ambo akaona mengi, lakini akikua hurudi kuzaa palepale alipozaliwa. Hafanyi kama madaktari wetu. Tena, kitoto cha kasa kikitoka mchangani hufuata mwanga. Kikiona anga linang'aa juu ya bahari, kitakwenda baharini. Kikiona taa, kitaifuata taa. Sasa niwaulize: mwanga wa nchi hii ni nani?"

"Mtukufu Mlezi!"

"Pigeni makofi."

Wakapiga. Makofi ndiyo yaliyochukua sehemu kubwa ya mafunzo. Yalikuwapo makofi ya kukaa, makofi ya kusimama, na makofi ya machozi, ambayo Sikudhani yalimpa shida mpaka alipojifunza kumkumbuka mama yake.

Kisha kazi ikaanza. Kilikuwa kiangazi, na wizara ilikuwa imesikia kwamba matumbawe ni bustani ya bahari. Ikaagiza yamwagiliwe maji asubuhi na jioni. Sikudhani akajitwika ndoo, akaingia baharini mpaka magotini huku meno yakigongana kwa hofu, akamwagilia. Alipouliza maji ya kumwagilia atayateka wapi, aliambiwa palepale alipo. Kazi ilikwenda vizuri mno. Msimu ule wote hakuna tumbawe lililonyauka kwa kiu.

Palikuwa pia na mabango yaliyoandikwa "ENEO LA HIFADHI, USIVUKE", yote yakiwa yamegeuziwa majini ili samaki wayasome. Samaki waliovuka mpaka ndio tu walioliwa mezani kwa Mkurugenzi. Bahati mbaya samaki wa Pwezani walikuwa wakaidi, hasa changu na kolekole walionona.

Aliyewapika alikuwa Bi Kazija, mzaliwa wa kisiwa, mjane mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alimwona Sikudhani siku ya kwanza akitoka majini analia na ndoo yake, akamwita jikoni.

"Njoo, mwanangu. Kilichokuliza ni nini?"

"Shikamoo, Bi. Mimi msusi tu, naiogopa bahari."

"Marahaba. Bahari haina meno. Wenye meno wako ofisini." Akampa kipande cha muhogo wa nazi. "Kula. Kisha unisuke kichwa hiki, kimechakaa kama mkeka wa msiba."

Tangu hapo wakawa kitu kimoja. Jioni Sikudhani alimsuka, na asubuhi Bi Kazija alimshika mkono akamsimamisha ndani ya maji. Kila mara walikwenda mbele kidogo. Siku maji yalipomfika kiunoni, Bi Kazija alipiga kigelegele, na mlinzi wa ofisi akasimama wima akidhani kuna mgeni rasmi.

*

Alfajiri moja Sikudhani alitangulia pwani na ndoo yake. Akaliona jiwe kubwa jeusi ambalo jana halikuwapo. Kisha lile jiwe likapumua.

Alikuwa kasa jike, mkubwa kama meza ya chai, anafukia mayai yake kwa miguu ya nyuma iliyo kama makasia, polepole, kama mama anayemfunika mtoto asiamke. Machozi mazito yalimtiririka, na Sikudhani, ambaye alikuwa amefundishwa machozi ya aina moja tu, akajikuta analia bila kumkumbuka mtu. Kasa alipomaliza alijikokota mpaka majini, wimbi likaja likamchukua.

Sikudhani akakimbia ofisini.

"Mkurugenzi! Kasa ametaga!"

Bwana Kibindo akaacha chai. "Kasa? Kasa wa kweli?"

"Ndiyo, mzee."

"Amekuja bila taarifa?"

Maana wizarani alikuwa amekwisha kuarifu kwamba pwani ya Pwezani imejaa kasa hata pa kukanyaga hapana, na katika muda wote huo hakuwahi kumwona hata mmoja. Alimfuata Sikudhani akiwa ameinamisha uso asiyaone mawimbi. Alipofika akasimama mbele ya ule mchanga uliovurugwa, akavua kofia. 

"Kumbe hutagia hapahapa tu," alisema kwa sauti ndogo. "Hana hata kitanda."

Kabla hajasema zaidi simu ililia. Ilikuwa wizara. Mtukufu Mlezi atakuja mwenyewe kuizindua bahari. Ndiyo, bahari. Ilikuwa imetumika tangu dunia kuumbwa bila kuzinduliwa rasmi. Jukwaa la saruji lijengwe pwani, na Bwana Kibindo, kwa furaha na woga, akaelekeza kidole palepale walipokuwa wamesimama.

"Hapa! Hapa Mtukufu ataiona bahari, na bahari itamwona Mtukufu."

"Mzee, mayai yako chini!"

"Mayai hayana itifaki, binti."

Sikudhani akafikiri haraka. Saluni ilikuwa imemfundisha kwamba mtu mzito hasukumwi, huelekezwa.

"Sawa, mzee. Ila mchanga wa hapa umechimbwa, ni laini sana. Mtukufu akipanda jukwaani, kwa ule uzito wake wa kitaifa, jukwaa likatitia... mbele ya watu... atakayeulizwa ni nani?"

Bwana Kibindo akabadilika rangi. Siku hiyohiyo jukwaa likasogezwa juu, karibu na ofisi. Wajitoleaji nao wakaamriwa kupanga viti vya wageni kati ya jukwaa na bahari. Sikudhani akayazungushia yale mayai mawe yaliyopakwa chokaa. Mkaguzi wa itifaki alipouliza duara lile ni la nini, Bi Kazija, aliyekuwa akipita na sufuria, alijibu bila kugeuka:

"Hapo ndipo kivuli cha Mtukufu kitakapoangukia."

Mkaguzi akarudi nyuma hatua mbili, akaweka mlinzi.

Ziara iliahirishwa mara nyingi, kwa sababu Mtukufu alikuwa anazindua vitu vingine, ukiwemo upepo wa kusini na mlima mmoja. Wiki zikapita, miezi ikagonga miwili, na chini ya mchanga, ndani ya duara la heshima, mayai yakaiva kimyakimya.

*

Siku yenyewe ikafika. Mtukufu alishuka kwa helikopta, upepo wake ukapeperusha kofia za mawaziri mpaka majini, na mawaziri wakapiga makofi ya machozi. Kisiwa kizima kilikuwa kimekaa vitini. Kutoka nje Mtukufu akihutubia lilikuwa kosa kubwa, hata kwa mwenye haja. Ndiyo maana watu wa nchi ile walikuwa na vibofu imara kuliko mataifa yote.

"Bahari ni maji," alianza Mtukufu.

Makofi.

"Na maji ni nini? Maji ni bahari!"

Makofi ya kusimama.

"Kabla ya uongozi wangu, bahari hii ilikuwa na chumvi kupita kiasi. Leo nendeni mkaionje!"

Kila baada ya sentensi chache alilitaja jina la nchi, na umati ukasimama wima, ukaambiwa upumzike, ukakaa, ukasimama tena. Wazee wa Pwezani walisema baadaye kwamba magoti yao hayajawahi kufanya kazi vile tangu ujanani. Jua likainama nyuma ya jukwaa, kivuli cha Mtukufu kikarefuka, na kweli kikaangukia ndani ya duara. Mkaguzi wa itifaki akafuta jasho kwa kuridhika. Kisha jua likazama, jenereta likanguruma nyuma ya jukwaa, na taa kubwa nyeupe zikawashwa zikimwangaza Mtukufu. Hotuba ilikuwa bado katika utangulizi.

Sikudhani alikuwa amekaa kando ya duara, jirani na Mkurugenzi. Aliuona mchanga ukichemka kama uji. Kikatokea kichwa cheusi, kidogo kama kidole gumba. Kikafuata kingine. Kisha mchanga ukafumuka, vitoto vya kasa vikamwagika, vingi kuliko alivyoweza kuvitazama, vinapepea makasia yao mororo. Moyo wake ukajaa. Vikasimama kidogo, vikageuza vichwa. Nyuma yao bahari ilikuwa giza. Mbele yao jukwaa lilikuwa linawaka.

Vikaelekea jukwaani.

Vilipita chini ya viti, juu ya viatu, katikati ya miguu ya mabalozi. Umati ukaguna. Mtukufu akanyamaza, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Ni nini hao?"

Bwana Kibindo akajikuta amesimama. "Ni... ni kasa, Mtukufu. Wamezaliwa sasa hivi. Wamesikia sauti yako."

"Wanakuja kwangu?"

"Kwako, Mtukufu."

Makofi yaliyopigwa hapo hayana jina. Mtukufu akafuta jicho. "Mnaona?" alinguruma. "Hata mtoto wa siku moja anajua mwanga uko wapi!"

Lakini Sikudhani alikuwa akitazama chini. Kaa walikuwa wametoka mashimoni wakiburuta vitoto kwa gando. Vingine vilikuwa vimefika kwenye ukuta wa saruji, vinapanda, vinaanguka chali, vinapanda tena, na makasia yao yalikuwa yameanza kuchoka. Kimoja kilikanyagwa na buti la mpambe bila mpambe kujua. Sikudhani akamshika Mkurugenzi mkono.

"Mzee, vitakufa. Taa zinavipoteza. Wewe mwenyewe ulitufundisha!"

"Kaa chini, binti," alinong'ona, macho yamemtoka. "Watu wanatuangalia."

"Vitakufa vyote!"

"Vitakufa vikiwa vizalendo. Kaa chini, nakuomba."

Hakukaa. Alisimama, na kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile mtu akatoka nje katikati ya hotuba.  Alisikia viti vikilia nyuma yake, mtu akisema "Yarabi!", na akaendelea kutembea, akalizunguka jukwaa mpaka lilipokuwa jenereta. Askari mwenye bunduki alikuwa analilinda.

"We! Simama hapo!"

Na hapo Mtukufu, kwa sauti iliyopasua vipaza sauti, akalitaja jina la nchi.

Askari akasimama wima, mikono ubavuni, kidevu juu. Macho yake tu ndiyo yaliyomfuata Sikudhani alipompita ubavuni, akainama, akatafuta swichi kwa kupapasa kama anayetafuta njia ya nywele kichwani, akaipata, akazima.

Giza likaanguka. Sauti ya Mtukufu, bila kipaza sauti, ikawa ndogo kama ya mtu yeyote. Na upande wa bahari, mwezi mpevu ulikuwa ndio kwanza unajitokeza majini, mwekundu, mkubwa, ukatandika njia yake mpaka mchangani.

 Halafu ikasikika sauti ya kuamsha mtaa:

"Tupisheni njia! Kuna watoto wanapita!"

Ilikuwa ni Bi Kazija. Akavua mtandio, akainama, akaanza kuvizoa vitoto vilivyokwama chini ya jukwaa. Wanawake wa Pwezani wakamfuata na kanga zao. Wanaume wakainua viti kufungua njia, wengine wakawafukuza kaa kwa makobazi. Vitoto vikageuka, vikaufuata mwezi, vikashuka. Na watu nao, kwa kuwa tayari walikuwa wamesimama na hapakuwa na taa ya kuwatambua, wakashuka navyo, wengine wakaelekea vichakani walikotamani kwenda tangu mchana. Jukwaani Mtukufu aliendelea kusema. Alisema sana.

Sikudhani aliingia majini na kitoto cha mwisho kiganjani. Maji yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani. Hakukumbuka kuogopa. Alipokiachia, kilipiga kasia mara mbili tatu, kikapotea.

Kando yake akasikia mtu anatapika. Akageuka. Alikuwa mtu mnene aliyekunja suruali mpaka mapajani, amefumba macho asiyaone mawimbi, na mikononi ameshika kofia rasmi iliyojaa vitoto vya kasa. Aliinamisha kofia, vikateleza kimoja kimoja.

"Vimekwenda?" aliuliza Bwana Kibindo bila kufumbua macho.

"Vimekwenda, mzee."

"Usimwambie mtu," alisema, akatapika tena.

*

Tume ya uchunguzi iliwasili kesho yake kujua ni nani aliyezima taa za Taifa. Askari wa jenereta alihojiwa kwanza. Akasema alikuwa amesimama kwa heshima ya nchi, kidevu juu, na mwenye kidevu juu haoni kilicho chini. Tume haikuweza kumlaumu. Akaitwa Bi Kazija.

"Nani alizima?"

"Kasa," alisema Bi Kazija.

"Kasa atazimaje jenereta?"

"Mheshimiwa, wewe hukuwapo. Walikuwa wengi."

Akaitwa jirani yake, akasema kasa. Akaitwa imamu, akasema yeye hakuona, ila vitoto vile vilikuwa na haraka. Kisiwa kizima kikapita mbele ya Tume, na kila mmoja akasema kasa. Mwisho akaitwa Mkurugenzi Mkuu. Sikudhani, aliyekuwa amekalishwa benchi la washukiwa peke yake, kwa kuwa kiti chake ndicho kilichoonekana kitupu kabla ya giza, akainamisha kichwa. Alijua Bwana Kibindo alimwona akisimama. Alijua pia kwamba mkurugenzi ana watoto shuleni, nyumba ya serikali, na habari ya tembo waliokwisha, ambayo bado hajaulizwa.

"Bwana Kibindo, tunataka jina moja tu."

Bwana Kibindo alishika mkanda wa suruali. Alitazama dirishani, na lile dirisha, kwa kuwa Tume ilifanyia vikao vyake jikoni kwa Bi Kazija, karibu na chai, lilikuwa linatazama bahari. Uso ukamgeuka kijani. Lakini hakugeuza macho.

"Kasa, waheshimiwa," alisema. "Niliwaona kwa macho yangu. Huyu binti alikwenda kuwazuia."

Sikudhani akaachiwa, tena kwa pongezi.

Hukumu ilisomwa redioni na Mtukufu mwenyewe. Kasa wote, kwa kosa la kutoka nje katikati ya hotuba na kuhujumu umeme, wamefukuzwa nchini. Yeyote atakayeonekana kwenye mchanga wa Taifa akamatwe pamoja na mayai yake. Na kwa kuwa kisiwa hakina tena kasa, mradi umefungwa na wajitoleaji wote wanaachishwa kujitolea, kwa hiari yao. Boti itawachukua asubuhi.

Asubuhi hiyo Sikudhani alishuka gatini na begi lake. Mama yake alikuwa anamngoja, saluni ilikuwa inamngoja, na mji mzima ulikuwa na vichwa vilivyobaki nusu. Boti ilikuwa bado haijatia nanga. Akatembea kidogo ukingoni kuiaga bahari, na hapo akaona alama pana zimepanda kutoka majini, kama za gurudumu la trekta, zimefika juu kwenye mchanga mkavu, zimezunguka, zimerudi.

Kasa mwingine alikuwa amekuja, akataga, akaondoka.

Nyuma ya Sikudhani alikuwa amesimama Bwana Kibindo. Alikuwa hana kofia. Akaziangalia zile alama. Kwa mbali boti ilikuwa inakuja kuwachukua wajitoleaji pamoja na waheshimiwa wa Tume, na waheshimiwa walikuwa wanakunywa chai ya mwisho jikoni, karibu kutoka.

"Wakiziona hizi," alisema, "watayachimbua mayai yake."

Hakungoja jibu. Alikwenda uani kwa Bi Kazija, akarudi na mafagio ya chelewa. Mkurugenzi Mkuu wa Kasa akainama, tumbo likamzuia, akainama tena, akaanza kufagia pwani ya Taifa, hatua kwa hatua, akitembea kinyumenyume kuelekea baharini.

Sikudhani akaweka begi chini, akavua viatu, akachukua fagio la pili.